Nyakati Tatu za Kifaransa

Siku kaka yangu aliponipigia simu kusema anakuja na watoto wake, nilikuwa kwenye cherehani naunga mikono ya gauni la harusi. Furaha ilinizidi nikashona mkono wa kushoto upande wa kulia. Nilikuja kuligundua hilo baadaye, mwenye gauni alipokuja kujaribu akashindwa kuinua mkono, na wala sikuona aibu. Nilimwambia, "Dada, nisamehe, watoto wa kaka wanakuja," naye akacheka, akalivua, akakaa pembeni kunisubiri nilifumue.

Kaka anaishi Kanada, ule upande wanaoongea Kifaransa. Mke wake ni Mrundi kama sisi, ila yeye alikulia Bujumbura. Watoto wao wawili, msichana na mvulana, wamezaliwa hukohuko, na mimi nilikuwa nawajua kwa simu tu. Maongezi yetu yalikuwa hivi: wao wanasema, "Bonjour, tante," yaani habari shangazi, mimi najibu, "Bonjour," halafu tunabaki tunatazamana na kutabasamu mpaka bando linaisha. Kuna siku yule mdogo alinionyesha pengo la jino lililotoka. Mimi nikamwonyesha papai. Hatukuwa na la zaidi.

Mpango wa kaka ulikuwa kuwaleta kijijini Sibwesa kwa mama, akae nao siku chache, halafu awaache pale aende Bujumbura kufuatilia hati za kiwanja cha mke wake. Mkewe alikuwa amebaki kazini Kanada.

"Sasa ukiondoka nani atatutafsiria?" nilimuuliza. "Mama Kifaransa hajui, na mimi najua bonjour."

"Wewe jifunze kidogo, dada. Watoto hawahitaji mengi."

Neno hilo ndilo lililonipeleka kwa mjomba.

Mjomba ni kaka yake mama. Ujanani alifundisha shule ya msingi huko Burundi, kabla watu wetu hawajavuka kuja upande huu, na enzi zile masomo yalikuwa kwa Kifaransa. Siku hizi anaishi hapa Mpanda mjini na binti yake, nyuma kidogo ya kibanda changu cha ushonaji. Kifaransa chake amekitunza vizuri, kama watu wanavyotunza suti: kinatoka kwenye harusi, kwenye ubatizo, na siku akikutana na padri mgeni. Nilipomwomba anifundishe aliniuliza kama natania. Kesho yake mchana alikuja kibandani amevaa koti, na jua lote lile la Mpanda.

Alichukua chaki yangu ya kukatia nguo, akainama juu ya meza, akaanza kuandika majina ya nyakati za vitenzi. Alianzia kwenye kona ya mkasi. Alipofika mwisho wa meza alinigeukia.

"Sogeza hicho kitambaa."

"Mjomba, hizo zote?"

"Hizi ni za kuongea. Za kuandika bado sijaanza."

Nilicheka, yeye hakucheka. Tulianza na kitenzi cha kuwa. Kila siku alikuwa anakuja baada ya chakula cha mchana, mimi nakanyaga cherehani, yeye anasoma kwa sauti ya darasani, nami naitikia. Wateja walizoea. Kuna mama mmoja muuza vitenge, jirani yangu, aliyekuwa akiitikia pamoja nami kutoka kwenye kibanda chake, na matamshi yake yalikuwa bora kuliko yangu.

Shida ni kwamba mjomba hakutaka kuacha hata wakati mmoja. Alikuwa na mapenzi makubwa na zile nyakati za vitabuni, ambazo naambiwa hata Wafaransa wenyewe hawazigusi wakiwa sokoni. Akizitamka hufumba macho. Meza ikijaa, anaandika popote palipo wazi. Ndivyo ilivyotokea kwamba Jumapili moja, kanisani, nikiwa nimepiga magoti, niliona kwenye mgongo wa gauni la kitenge mbele yangu, kwa mwandiko mzuri wa kulala, maneno "que nous fussions", yaani "ili kwamba tuwe". Lilikuwa gauni nililolipeleka kwa mwenyewe jana yake. Chaki ilikuwa imeshikana na kitambaa kwa joto la pasi. Ibada yote sikuisikia. Baada ya misa nilimkimbilia yule mama, nikamkumbatia kwa nguvu na kumfuta mgongo huku namsalimia, na yeye akawaambia wenzake kwamba fundi wake ana upendo wa ajabu.

Nilipomsimulia mjomba alichouliza ni kimoja tu: "Uliweza kuisoma?"

"Niliisoma."

"Basi," akasema, ameridhika kabisa.

Lakini mimi nilikuwa nimeanza kuhesabu wiki zilizobaki na kuona sitafika. Nilijua "kama tungalikuwa" na "ili kwamba tuwe", ila nilikuwa siwezi kumuuliza mtoto kama ameshiba. Basi siku moja nikaamua kujisikiliza mwenyewe. Kutwa nzima, kila nilipofungua mdomo kwa Kiswahili, nilikuwa naangalia nimetumia wakati gani. Umekuja kuchukua? Imeisha. Nashona ya mwingine. Nitakupigia. Kaa hapo. Umekula? Nakuja. Jioni nilikuwa nimepata jibu langu: mtu anaweza kuishi siku nzima Mpanda, akafanya kazi, akagombana na kupatana na watu, kwa nyakati tatu tu. Kinachotokea sasa, kilichokwisha, na kinachokuja. Vingine ni mapambo.

Kesho yake nilimpokea mjomba kwa chai na nikamweleza. Nataka wakati uliopo. Nataka ule uliopita wa kumaliza mambo, wanaouita passé composé, kwa sababu ndio wa "umekula". Na wa mbele nautaka ule mwepesi wa kusema "naenda kula", siyo ule wa kubadilisha mikia ya maneno.

"Huo ni wa wavivu," alisema mjomba.

"Ndio ninaoutaka."

"Kifaransa hakiko hivyo. Huwezi kuingia dukani ukakata kipande."

"Mjomba, mimi kazi yangu ni kukata vipande."

Hapo alikunywa chai kidogo. Nikamwona anatafuta namna ya kuokoa chochote. Akachukua chaki, akaandika kitu kimoja karibu na mkono wangu: imparfait.

"Basi chukua na hii. Hii moja tu. Ni ya mambo ya zamani yaliyokuwa mazoea. Marehemu baba yako alikuwa akifanya nini kila asubuhi? Ukitaka kusema hayo, unahitaji hii."

"Hao watoto hawakumjua baba. Mambo ya zamani watayaulizia ya nini? Watataka kujua ng'ombe yuko wapi na choo kiko wapi."

Mjomba hakung'ang'ania. Alilifuta lile neno kwa kiganja, akajipangusa chaki kwenye koti, na siku mbili tatu hakuonekana. Nilidhani amekasirika kweli. Muuza vitenge akaanza kuniuliza, "Mwalimu wetu yuko wapi?" Mwishowe alirudi, akasema nyumbani kwa bintiye kuna makelele ya redio, ni bora aje kukaa na mimi. Tukaendelea na nyakati zangu tatu, na lazima niseme kweli, zilipokuwa chache ziliniingia.

Mama naye, kule Sibwesa, alisikia kwamba najifunza, akanipigia simu.

"Na mimi nitafutie maneno."

"Maneno gani, mama?"

"Ya kuamuru. Njoo, kula, kaa, acha, lala. Hayo mengine sitaki."

"Hutaki kujua kuuliza? Kusema unajisikiaje?"

"Mimi ni bibi yao," alisema. "Nitaulizaje? Nikiona mtoto hajala, namwambia kula."

Mjomba alimwandalia, nikamsomea kwa simu mpaka akashika. Viens. Mange. Laisse. Dors. "Kaa chini" kwa Kifaransa ilimsumbua, kwenye mdomo wake ikawa kama jina la mtu, lakini aliipenda kuliko yote na alikuwa akiijaribu kwa majirani.

Wiki moja kabla wageni hawajafika nilishuka Ikola, kule ziwani Tanganyika, kununua dagaa na samaki wa migebuka. Nilikuwa na hamu ya kujaribu Kifaransa changu kwa mtu asiye mjomba, na pale ufukweni kuna wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kongo. Nikamwona baba mmoja amekaa kwenye magunia yake, nikamsogelea, nikasema kwa Kifaransa, polepole na vizuri, kwamba mimi nataka samaki na kesho naenda kupika.

Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Halafu akasema, "Mama, sema tu Kiswahili. Siye tunasemaka Kiswahili."

Wachuuzi wote walicheka, nami nikacheka nao. Nilirudi na samaki wazuri, na njia nzima nilikuwa najirudia ile "tunasemaka" yake kwa kuipenda tu. Kwetu hatusemi hivyo.

Nilifunga kibanda nikatangulia Sibwesa, na watoto walifika wamechoka, wamefunikwa vumbi, na wazuri kuliko kwenye simu. Msichana alikuwa na miaka kumi, mrefu, anatazama kila kitu kabla ya kukigusa. Mdogo wake alikuwa na miaka sita na alitaka kugusa kwanza. Mama alisimama mlangoni amejifunga kitenge kipya. Watu wote tulidhani atalia. Badala yake alinyoosha mikono, akasema kwa sauti kubwa, "Viens!"

Wakaja wote wawili mbio. Akawakumbatia mpaka kofia zikaanguka. Halafu akawaonyesha mkeka: "Mange!" Chakula kilikuwa bado jikoni, lakini walikaa wakasubiri.

Kaka alinitazama akiwa hoi kwa kicheko. "Nani kamfundisha?"

"Mjomba."

"Na wewe?"

"Tu as mangé?" nilimuuliza, na nikaona machozi yanamlengalenga, mtu mzima yule, kwa sababu ya swali la kama amekula.

Alipoondoka kwenda Bujumbura, kwa kweli mambo yalikwenda. Nyakati zangu tatu zilifanya kazi kama nilivyopanga. Umelala vizuri? Tunaenda mtoni. Mbuzi amekula soksi yako. Yule mdogo alikuwa haongei sana, yeye na bibi yake walikuwa na lugha yao ya amri: bibi anasema njoo, yeye anakuja, bibi anasema acha, yeye anaacha, kisha anarudia. Hata mbuzi walianza kufukuzwa kwa Kifaransa. Mimi nilijiona nimeshinda, na nilikuwa nimeshajiandaa kumwambia mjomba.

Halafu alasiri moja tulikuwa tumekaa nje tunapukuchua mahindi, mama, yule msichana na mimi. Mdogo alikuwa amelala ndani. Msichana akaniuliza kitu. Nilisikia "Papa" na nikasikia "petit", na katikati kulikuwa na neno lile la kuwa, limevaa mkia nisioujua. Nikamwomba arudie. Akarudia taratibu. Nikaelewa: baba yake alikuwaje alipokuwa mdogo?

Nikamtafsiria mama. Mama aliweka gunzi chini, akajifuta mikono, akacheka peke yake kabla ya kuanza.

"Mwambie baba yake alikuwa akilala kwenye mahindi. Kila tukimtafuta tumtume maji, hayupo. Amejichimbia kwenye rundo la mahindi, pua tu inaonekana."

Nikageuka kwa mtoto na Kifaransa changu. Nikasema, baba amelala kwenye mahindi.

Msichana alitoa macho. "Une fois?" Mara moja?

"Hapana, hapana. Mara nyingi." Nikajaribu tena. Baba amelala sana kwenye mahindi.

Akaangua kicheko. Alidhani baba yake alilala siku moja, usingizi mzito sana. Nikahangaika. Nikasema, baba amelala kwenye mahindi kila siku, na hata mimi nikasikia kwamba sentensi imevunjika mguu. Mama alikuwa anatutazama.

"Kwani nimesema jambo gumu?" aliuliza. "Si nimesema alikuwa akilala?"

"Ndiyo mama. Ndiyo hiyo 'alikuwa aki' yenyewe sina."

"Huna?"

"Niliikataa."

Msichana hakujua tunasema nini, lakini alikuwa ameshika shida ilipo. Alichukua kijiti, akaegemea mbele. "Papa a dormi," alisema, na akatoboa tundu moja kwenye vumbi. Akanitazama kama nimeona. Halafu akasema, "Papa dormait," na akavuta mstari mrefu, mrefu, ukapita mbele ya miguu ya bibi yake, ukazunguka ungo, ukaishia kwenye ukuta wa nyumba.

Nilikaa naangalia ule mstari. Tundu na mstari viliniingia vizuri kuliko chochote nilichoandikiwa kwenye meza. Dormait. Nikalisema. Akanipa lingine, nikalisema. Mkia ni uleule, sauti ile ile, wala si kazi ngumu, na hapo nikamfikiria mjomba akilifuta neno lake kwa kiganja.

Kuanzia hapo mama hakunyamaza. Aliona njia imefunguka. Baba yao alikuwa akiogopa batamzinga. Baba yao alikuwa akiwaimbia mbuzi nyimbo za kanisani na mbuzi walikuwa wakimfuata mpaka shuleni. Alikuwa akila ugali wa dada yake, yaani mimi, na kusema umeliwa na paka. Nikikosea, msichana ananipa mkia sahihi, mimi naendelea. Jua lilishuka na mahindi hayakupukuchuliwa.

Kisha mama akasema, bila kuulizwa na mtu, "Na babu yao. Mwambie babu yake alikuwa akipiga mluzi."

Niligeuka kumtazama. Tangu tumzike baba, mama alikuwa hamtaji. Si kwamba alikataza. Alikuwa tu anaruka, kama mtu anavyoruka ngazi mbovu kwenye nyumba aliyoizoea.

"Kila asubuhi akienda shamba," aliendelea, "alikuwa akipiga mluzi mpaka pale kwenye mkorosho wa jirani. Mluzi ukikatika, najua amefika. Nilikuwa nikisubiri ukatike ndipo nawasha moto. Akiamka na hasira hapigi, na mimi nawasha moto mapema ili chai imkute hukohuko."

Nilimwambia mtoto yote hayo. Babu alikuwa akipiga mluzi. Bibi alikuwa akisikiliza. Neno la kupiga mluzi nilikuwa silijui, nikaonyesha kwa mdomo, na yeye akanipa: sifflait. Alirudia sentensi yote polepole kana kwamba anaikunja aiweke mahali. Halafu akajaribu mluzi. Ilitoka hewa tupu. Mama akamwonyesha jinsi ya kuweka ulimi, na hapo ndipo nilipojua kwamba mama yangu anaweza kupiga mluzi, miaka yote hii.

Nililia kidogo, nikasingizia moshi, ingawa moto ulikuwa haujawashwa.

Kaka aliporudi kutoka Bujumbura hati zikiwa mkononi, hakupewa hata maji kwanza. Binti yake alimsimamisha uwanjani akamsomea mambo yake yote: mahindi, batamzinga, mbuzi, ugali. Kaka alinigeukia.

"Mmewaambia nini hawa? Mahindini nililala mara moja tu!"

"Dormait," alisema mama, akimpita na sufuria.

Niliporudi Mpanda nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba, kabla ya kufungua kibanda. Nilimwambia nimekuja kuchukua ile imparfait. Nilitegemea anicheke. Alinikalisha tu, akataka nimsimulie alichosema mama kuhusu baba, neno kwa neno, kwanza kwa Kirundi, halafu kwa Kiswahili, halafu kwa Kifaransa. Aliposikia la mluzi alinikatiza. "Ni kweli," alisema. "Alikuwa akipiga vibaya sana."

Sasa Jumamosi jioni naongea na yule msichana mpaka bando linaisha, na linaisha katikati ya maneno. Na yeye ameamua kujifunza Kiswahili. Juzi ameniuliza nyakati zipi za kuanza nazo, maana ameona ni nyingi na shule inamchosha. Nilimpa "na", "me" na "ta" bila kufikiri. Akasema sawa, akaziandika, halafu akauliza ile "hu" anayoisikia kwa bibi, jua huchwa, mbuzi hula, ni ya sasa au ya zamani au ya kesho. Nilifungua mdomo nikakuta sijui nimjibu nini. Mteja alikuwa amesimama mlangoni na suruali ya kupunguzwa. Nikamfanyia ishara akae, nikamwambia mtoto, "Ngoja, nipe dakika," nikamwita muuza vitenge aje tusaidiane.